Kaseti Isiyoiona Bahari

Tangazo! Tangazo! Wananchi wa Kilwa Masoko, Kivinje na Kisiwani, pamoja na ndugu zetu wa Mitole na Miteja ambao kwa kawaida tangazo huwafikia mambo yakiwa yamekwisha, mnaarifiwa kwa heshima na taadhima kwamba miongoni mwenu anaishi shujaa. Ni Bwana Saad, maarufu kwa jina la Saad Spika, mwanzilishi wa utalii wa kutembea bila kiongozi katika pwani yote ya kusini. Mtu ambaye, bila kujua kuogelea, alijirusha baharini na nguo zake zote kumwokoa mgeni. Wenye kofia wavue. Wasio na kofia wainamishe vichwa. Wenye watoto wanaolia wawanyonyeshe.

Tangazo hilo sikulitunga mimi. Lilitungwa na kamati ya sherehe, na kamati ikishakunywa soda hutunga vizuri. Kazi yangu ni kueleza yale ambayo kamati iliyaruka, hasa woga, maana habari ya Saad ukiitoa woga hubaki jina na shati.

Saad ni mwoga. Silisemi kwa kumvunjia heshima, mwenyewe halifichi. Yeye hulala upande wa ukutani, na Mwanaima mkewe hulala upande wa mlangoni, ili mwizi akiingia aanze na mtu mwenye akili. Anaogopa popo, anaogopa mbwa, anaogopa watu wanaonyamaza muda mrefu. Amezaliwa hatua chache kutoka majini na hajui kuogelea, kwa sababu kujifunza kuogelea sharti kwanza uingie kwenye maji.

Kwa miaka mingi serikali ilimpa kazi inayomfaa mtu wa namna hiyo. Alikuwa mtangazaji wa gari. Alikaa ndani ya Landrova yenye spika mbili juu, madirisha yamepandishwa, akawapigia watu kelele juu ya chanjo, kodi na mikutano ya hadhara, na dereva hakusimama hata pale wananchi walipotaka kumjibu. Sauti yake ilikuwa nzuri mno. Nene, laini, yenye utulivu. Mtu akiisikia alidhani nyuma yake kuna dume la watu. Ndipo akapata jina la Spika.

Kisha ukaja wakati wa kupunguza wafanyakazi. Majina ya waliopunguzwa yakasomwa barabara nzima kwa spika, na aliyepewa kazi ya kuyasoma ni Saad. Alisoma vizuri, kwa pumzi, mpaka alipofika kwenye jina lake mwenyewe, akalisoma nalo vizuri. Halafu akaambiwa ajiajiri. Miaka ile kila mtu aliambiwa ajiajiri, kwa sauti ileile ambayo zamani tuliambiwa tuhamie vijijini.

Wageni walikuwa wameanza kuja. Si wengi, lakini walikuja: wanafunzi wa chuo, maofisa wa semina, wazungu wa kujitolea waliojifunza Kiswahili mpaka wakakizidi. Wote walitaka kuvuka kwenda Kisiwani kuona magofu. Vijana wa mjini wakajifanya viongozi, wakigombea wageni pale gatini kama kunguru na utumbo wa samaki. Saad alikuwa na sauti kuliko wote, na historia aliijua, maana babu yake alikuwa mtu wa Kisiwani. Tatizo lilikuwa moja. Kuongoza watu kwenye magofu sharti uende kwenye magofu. Kuna chombo cha kuvukia, kuna popo, kuna makaburi, na kuna wale wasiotajwa majina.

Ndipo akapata wazo ambalo, nakiri, hakuna mtu jasiri angelipata. Atatia sauti yake kwenye kaseti. Mgeni atakodi kaseti pamoja na redio ndogo ya kuning'iniza begani, atabonyeza, atatembea, na Saad atakuwa kiongozi wake tangu Gereza, ile ngome ya kale, mpaka Husuni Kubwa, lililokuwa jumba la masultani, huku mwenyewe amekaa nyumbani anakunywa chai.

Kurekodi kulihitaji aende mara moja. Akachagua asubuhi ya bamvua, siku ambazo bahari hutoka mbali sana, kwa sababu wanawake huvuka kwa wingi kwenda kuchokoa pweza, na Mwanaima alikuwa miongoni mwao. Sasa, kutoka kijijini Kisiwani kwenda Husuni Kubwa njia ni mbili. Ya juu hupita kichakani, katikati ya makaburi ya kale. Ya chini hupita ufukweni, na ipo pale tu maji yanapokuwa yamekupwa. Saad akatupia jicho ile ya juu, kisha akateremka chini kuwafuata wanawake, redio kifuani, akitangaza:

"Ndugu msikilizaji, sasa teremka nami ufukweni. Usiogope. Tembea juu ya mchanga huu mweupe hadi ufike kwenye jiwe kubwa lenye mgongo wa ngamia."

Juu ya maji hakusema neno. Hakuwa na nia mbaya. Mtu wa Kilwa hakwambii kwamba bahari hujaa na kupwa, kama vile mtu wa milimani hakwambii kwamba usiku kuna baridi. Anadhani umezaliwa unajua.

Biashara ilianza kwa shida. Saad alipanda gari mpaka Somanga, pale mabasi ya Lindi na Dar es Salaam yanaposimama abiria wale samaki wa kukaanga, akakaa kivulini na redio yake, kwa mbali kidogo, ili abiria wasimguse. Sauti ikapaa: "Karibu katika mji wa kale wa masultani!" Watu wakaja na samaki mkononi.

"Hii ni taarabu?"

"Ni matembezi."

"Matembezi ya nani?"

"Yako. Unatembea, mimi nakueleza."

"Na upande wa pili kuna nini? Kuna taarabu?"

"Upande wa pili unaendelea kutembea."

Mama mmoja alikodi akidhani ni mawaidha, akarudisha wiki iliyofuata akilalamika kwamba shehe anataja ngazi tu. Lakini polepole jina likaenea. Saad akabandika kibao kwenye nyumba ya wageni: TEMBEA PEKE YAKO BILA KUSUMBULIWA NA MTU. Wakapatikana wateja. Na wale wateja wa mwanzo, Mungu awabariki, walikuwa wavivu. Walifika Gereza, wakapiga picha, wakaenda Msikiti Mkuu, wakapata kiu, wakarudi. Hakuna aliyewahi kuisikiliza kaseti mpaka kwenye jiwe la ngamia. Kwa hiyo hakuna aliyejua, hata Saad mwenyewe, kwamba alikuwa anakodisha kifo kwenye mfuko wa plastiki.

Hapo ndipo alipokuja Rosemary.

Rosemary alikuwa mkaguzi wa hesabu, kwao Makete, huko milimani kwenye ukungu. Alikuja Kilwa Masoko kwa semina, na mchana mmoja waliopewa mapumziko, wenzake walipokwenda kulala, yeye akaenda kwa Saad kukodi kaseti. Mwanamke mrefu, mtaratibu, mwenye mkoba uliofungwa vizuri. Akauliza maswali.

"Nikiifuata kama inavyosema, nitaona vyote?"

"Vyote, dada. Wewe fuata tu."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno."

Saad akaweka betri mpya, zile za soko huria, zenye rangi nzuri, akamkabidhi. Rosemary akashukuru, akashuka gatini. Yahya, kaka yake Mwanaima, akamvusha kwa mashua yake baada ya adhuhuri, akamshusha Kisiwani, akarudi.

Saad akakaa uani mkekani, akatia kalamu ya risasi kwenye tundu la kaseti nyingine iliyolegea, akawa anaurudisha mkanda taratibu. Mbele yake Mwanaima alikuwa anampiga pweza wa asubuhi kwa mchi, pu, pu, pu, ili alainike.

"Bamvua hii si ya mchezo," Mwanaima akasema. "Asubuhi maji yametoka mpaka tumeona majabali ambayo sijapata kuyaona. Na yalivyotoka ndivyo yanavyorudi. Sasa hivi nadhani yameshashika ngazi za gati."

"Alhamdulillahi," akasema Saad, ambaye hakuwa anasikiliza.

Kalamu ikazunguka tena. Ikazunguka. Ikasimama.

"Yameshashika nini?"

"Ngazi za gati. Kwani wewe mgeni?"

Saad akaiachia kaseti. Mwanaima akainua macho, akaweka mchi chini.

"Baba Zuwena, mbona umekuwa rangi ya ubwabwa?"

"Yule dada wa bara."

"Ana nini?"

"Anapita chini."

"Chini wapi?"

"Kwenye kaseti nimesema apite chini."

"Umesema apite chini saa ngapi?"

"Sikusema saa."

Kuna kunyamaza kwa aina nyingi, na Saad, kama nilivyosema, huogopa aina zote. Hii ilikuwa mbaya kuliko zote alizowahi kukutana nazo. Pweza alikaa pale juu ya jiwe, mikono imelegea, kama naye anangoja.

"Labda ataishia Gereza," Saad akanong'ona. "Kama wenzake."

"Yule? Yule ambaye alipokuwa anakungoja hapa alisoma maelezo ya dawa ya mbu mpaka chini, na ya Kichina akayatazama?" Mwanaima alikuwa amesimama. "Yule atafika mwisho, mume wangu. Yule akiambiwa apite chini atapita chini. Inuka."

"Nikafanye nini?"

"Inuka nimekwambia!"

Akainuka. Njiani kwenda gatini miguu yake ilikwenda kasi na moyo wake ulibaki nyuma ukimwita. Mji ulikuwa umetulia, mtu mmoja akimwagilia michungwa, redio ya duka fulani ikiimba, na utulivu ule ulimtisha zaidi. Aliona kana kwamba wote wanajua na wanamngoja aanze kulia. Halafu kichwani mwake, bila kuitwa, ikaanza ile sauti yake nzuri ya kazini: Inasikitisha kuwatangazia kifo cha dada yetu Rosemary, kilichotokea leo. Akajaribu kuizima. Haikuzimika. Mbaya zaidi, ikaanza kujisahihisha: Kwa masikitiko makubwa, tunawatangazia. Afadhali hivyo. Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo, hususan Makete.

Gati lilikuwa fupi kuliko kawaida, maana nusu ya ngazi zake zilikuwa zimezama. Yahya alikuwa amelala ndani ya mashua, kofia usoni.

"Shemeji! Yule mgeni uliyemvusha!"

"Nimemshusha salama."

"Hukumwambia kwamba maji yanajaa?"

Yahya akaitoa kofia usoni. "Nimwambie ya nini? Si ana kaseti?"

"Kaseti haijui maji!"

"Haijui maji, na unaikodisha Kilwa?"

Saad akaonyesha Kisiwani kwa kidole. Yahya akamtazama, akaelewa, na uso wake ukabadilika. Alifungua kamba.

Saad alivuka akiwa amekaa chini kabisa ya mashua, ameukumbatia mlingoti kama mtoto aliyemkumbatia baba yake mguu. Maji yalikuwa yanameremeta, mengi, yameshiba. Hakuwahi kuyaona yakiwa mengi hivyo. Kila tone lililoingia ndani alilihesabu kuwa ni lake. Alimwogopea Rosemary, akaogopa polisi, akaogopa uso wa mama yake Rosemary, ambaye hakumjua ila alishamwona vizuri, amejifunga kitenge kichwani, ameketi kwenye baraza la baridi, anauliza: ni nani huyo aliyemwambia mwanangu usiogope?

Walipofika Kisiwani wakamkuta bibi mmoja anaanika ukindu.

"Shikamoo bibi. Umemwona mgeni, mwanamke mrefu, ana redio?"

"Marahaba. Nimemwona." Bibi akamtazama Saad kwa makini. "Tena nimekusikia na wewe. Mlipita hapa pamoja, mkateremka pwani. Nikakusalimu, hukuitika. Sikupenda."

"Siyo mimi, bibi. Ni redio."

"Ni wewe. Sauti yako siijui? Ukimwambia mwenzio asiogope."

Saad akajishika kifuani.

Yahya alishachukua upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia. Upepo ulikuwa wa mbele. Tanga lisingefaa kitu. "Mimi nazunguka na chombo," akasema, "lakini nitachelewa, mkondo unanikataa. Wewe pita juu, ukimbie. Ukimwona, mwambie asitoke hapo alipo. Chini ya ngazi za Husuni kuna shimo la mkondo. Akikanyaga pale, hatutamwona tena."

"Nipite juu?"

"Ndiyo."

"Peke yangu?"

"Shemeji, mtu yuko majini, na wewe unatafuta wa kukushika mkono?"

Basi Saad akapita juu. Ile njia aliyoikwepa asubuhi ile ya kurekodi, ile ile aliyoikwepa tangu utotoni, akaingia ndani yake mchana kweupe, na mchana haukumsaidia kitu. Kichaka kilifunga nyuma yake. Jua likawa vipande vipande. Makaburi yalitokeza pembeni moja moja, mengine yameinama kama watu wanaosikiliza. Akaanza kusoma dua. Aliisoma mpaka katikati akaipoteza, akarudi mwanzo, akaipoteza palepale, na mahali ilipokatika ikaingia yenyewe sauti ya Landrova: akina mama wote mnaombwa kuwaleta watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Akajipiga kofi. Akaanza upya. Ndege aliruka, naye akaruka. Tawi lilimshika shati, akaliambia "samahani". Alikuwa anakimbia, lakini kwa namna ya mtu anayetaka aonekane kwamba anapita tu, hana nia ya kumsumbua mwenye mahali.

Ndipo alipoisikia.

Ilitoka mbele, chini, upande wa bahari. Sauti ya kiume, nzito, nzito kupita ya binadamu, iliyovutwa kama kamba ya nanga inayopandishwa kutoka kilindini.

"Kaaa... riii... buuu..."

Saad akasimama.

"Uuu... siii... ooo... gooo... peee..."

Akapiga magoti. Yale yote ambayo bibi yake alimsimulia, yale ambayo wanaume wenzake walimcheka kwa kuyaamini, yalikuwa yamekuja kumpokea, tena kwa adabu.

"Ni... ni nani?" akauliza.

"Miii... miii... niii... mweee... nyeee... jiii... waaa... kooo..."

"Shikamoo," akasema Saad, machozi yakimtoka. Maana mwoga aliyelelewa vizuri huogopa kwa adabu.

Mwenyeji hakuitikia marahaba. Alikaa kidogo, akakoroma, kisha akasema polepole, kwa mzigo wa karne zote:

"Geee... uuu... zaaa... kaaa... seee... tiii..."

Saad akabaki amepiga magoti. Alijua mengi juu ya majini, lakini hakupata kusikia jini lenye upande wa pili. Pumzi ikamrudia, na pamoja nayo woga mwingine, wa kweli, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Sauti ile ilikuwa yake. Betri zilikuwa zinakufa. Na kama upande wa kwanza umekwisha, basi wa pili unaanza, na yeye alikumbuka vizuri neno la kwanza alilolisema kwenye upande wa pili.

Hapo alikimbia. Hakuangalia kaburi wala tawi.

Alitokea juu ya Husuni Kubwa, akazifikia ngazi za kale zinazoshuka baharini, akatazama chini. Ufuko haukuwapo. Mchanga mweupe haukuwapo. Kulikuwa na maji, na katikati ya maji kulikuwa na mgongo wa ngamia, na juu ya mgongo huo alisimama Rosemary, mkoba begani, viatu mkononi, redio ameishika juu ya kichwa. Maji yalikuwa yanamlamba vifundo. Baadaye alieleza kwamba aliambiwa akae juu ya jiwe, akakaa. Akatafuta mchanga wa mbele unaotajwa, asiuone. Akadhani amekosea mahali, akairudisha kaseti nyuma akasikiliza tena. Akairudisha tena. Katika kazi yake, kilichorekodiwa kikihitilafiana na macho, macho ndiyo yanayokosea.

"Dada Rosemary! Usiteremke!"

Akainua uso. Na pale pale redio ikafunguka kinywa:

"Saaa... saaa... teee... reee... mkaaa..."

"Inasema niteremke!" Rosemary akapiga kelele. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Alikuwa ameanza kuogopa, na hakuwa mzoefu.

"Usiisikilize!"

"Wewe ni nani?"

"Mimi Saad! Mwenye kaseti!"

"Mwenye kaseti ni huyu! Sauti yake nzito!"

"Ni betri!"

"Betri gani?"

"Huyo ni mimi, dada! Mimi ndiye huyo! Betri zimekwisha!"

Rosemary akayatazama maji. Akaitazama redio. Akamtazama yule mtu mwembamba juu ya ngazi, aliyekuwa anatikisika mwili mzima kama jani la mpapai, mashavu yamelowa.

"Mbona yeye hatetemeki?" akauliza.

Swali lilikuwa zuri. Maisha yake yote watu walikuwa wameiamini ile sauti, na kila mara walipomwona mwenyewe walisita. Akaanza kushuka ngazi, ngazi moja, nyingine, mkono ukutani, akiomba, akimwita, huku redio ikiendelea kwa upole wake wa kutisha: "Mkooo... nooo... waaa... kooo... waaa... kuuu... shooo... tooo..."

Rosemary akajifunga mkoba vizuri. Akateremsha mguu wa kushoto. Maji yakamfika gotini. Akateremsha zaidi, yakamfika pajani, akitafuta mchanga kwa kidole cha mguu. Saad alikuwa amefika kwenye ngazi za mwisho, zile zilizoota mwani wa kijani, zilizokuwa zinameza maji na kuyatema.

"Dada, hapana! Hapo hapana! Mama yangu, hapo ha..."

Yahya, ambaye ndiyo kwanza mashua yake ilikuwa inakata kona, anaapa kwa Mola wake kwamba aliona kwa macho mawili: Saad Spika akipaa hewani, mikono imetandazwa, akitua katikati ya shimo la mkondo, palepale mbele ya mguu wa Rosemary.

Akazama. Hakubakia kitu juu isipokuwa kofia yake, na hiyo kofia ikaanza kwenda zake kwa kasi kuelekea bahari kuu.

Rosemary aliiona kofia inavyokwenda. Aliona mtu mzima akimezwa mahali ambapo yeye alikuwa anatafuta mchanga. Akaurudisha mguu wake juu ya jiwe, akaiachia redio, akapiga magoti, na mkono wa Saad ulipotokea akaukamata. Nani alimshika nani, mashahidi wanatofautiana. Kamati imeandika kwamba Saad alimshika Rosemary. Jiwe halikuulizwa.

Redio ilizama ikiwa bado inasema. Halafu ikanyamaza, na kwa mara ya kwanza mchana ule ikasikika bahari peke yake.

Walikaa juu ya ngamia, wamekumbatiana kama watoto mapacha, maji yakiwafika mapajani, mpaka Yahya alipochomeka upondo na kuwapakia. Walipokaribia Masoko, Rosemary ndipo alipoanza kutetemeka. Meno yaligongana mpaka yakasikika.

"Ule mchanga," akasema. "Upo kweli?"

"Upo, dada. Asubuhi upo."

"Sasa hivi uko wapi?"

"Uko chini."

Akafikiri. "Na mimi ningekuwa nao."

Saad akaficha uso katika magoti. "Nisamehe," akasema, kwa sauti yake ya kawaida, ile ambayo haikuwahi kurekodiwa. "Nilipita chini kwa sababu ya juu naiogopa. Sikukwambia maji. Nisamehe, dada yangu."

Mashua ikagusa gati. Ndipo Rosemary akasema: "Hizo kaseti nyingine zote, usimpe mtu hata moja mpaka uwe umekwenda kurekodi upya. Kwa njia ya juu. Utakwenda?"

"Nitakwenda."

Na alikwenda, juma lililofuata, Mwanaima akitangulia na Yahya akifuata nyuma, yeye katikati. Kaseti mpya ina mahali msikilizaji anasikia mtu akipumua kwa nguvu kwa muda mrefu bila maelezo. Ni makaburini.

Lakini kabla ya hapo ilikuja siku ya kufunga semina. Ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi alikuwa mkubwa mmoja aliyekuja na gari lenye pazia, na kamati ilishamnong'oneza kwamba wilaya imepata shujaa wa kujiajiri, mfano wa kuigwa, mtu wa kuonyeshwa kwa wafadhili. Tangazo likasomwa, lile lile nililoanza nalo. Makofi yakapigwa. Wenye kofia wakavua. Yahya akasimama kutoa ushahidi, akaonyesha kwa mikono jinsi shemeji yake alivyopaa. Akaongeza urefu wa ngazi, na hakuna aliyemlaumu. Rosemary alikaa mstari wa mbele, mkoba magotini, anamtazama Saad kwa macho yake ya ukaguzi.

Mgeni rasmi akasimama, akamshika Saad bega, akamgeuzia hadhara.

"Ndugu Saad," akasema, "wewe hujui kuogelea. Tumeambiwa, na mwenyewe umekiri, kwamba unaogopa hata popo. Lakini saa ilipofika ulijitosa. Vijana wetu wako hapa, wamepunguzwa kazini, wamekata tamaa, wanataka kujua siri. Tuambie bila kuficha: wakati ule, pale kwenye ngazi ya mwisho, ni kitu gani kilikusukuma?"

Akampa kipaza sauti. Ilikuwa mara ya kwanza Saad kukishika tangu atoke kwenye Landrova. Ukumbi ukanyamaza kabisa, ule unyamazaji asioupenda. Mwanaima akainamisha kichwa, akausubiri ushujaa wa mumewe kama mtu anayesubiri chombo kianguke kutoka rafuni. Saad akakisogeza kipaza sauti mdomoni, akasema:

"Niliteleza."